Masika Yajayo Sitaiona Nyumba Hii

Juzi nilikuwa napita uchochoro wa nyuma ya soko hapa Katesh nikakutana na harufu ya udongo mbichi uliochanganywa na mavi ya ng'ombe. Mama mmoja alikuwa anasiliba banda lake la kuku. Nilisimama na mfuko wangu wa mboga, nikamwangalia anavyochota, anavyobandika, anavyoburuza kiganja, na kabla sijajizuia nikamwambia, "Mama, huo udongo haujaiva. Ungeuacha siku mbili zaidi." Akaniangalia kuanzia viatuni hadi kichwani, akacheka. Alikuwa na haki ya kucheka, maana nilivaa nguo za kazini na kucha nimepaka rangi.

Nyumba yangu ni ya tofali, ina plasta na vigae, na haihitaji mkono wa mtu zaidi ya dekio. Lakini upepo wa kiangazi ukianza kushuka kutoka mlimani, mimi situlii. Nafungua makabati na kuyafunga. Nahamisha vitanda. Mume wangu husema nina mdudu, na huyo mdudu ana msimu wake. Hajui ukweli ulivyo, kwa sababu sijawahi kumwambia. Kwa miaka mingi sikumwambia mtu yeyote.

Nilikulia Endasak, kwenye nyumba ya miti na udongo iliyoezekwa kwa bati. Ninyi mliokulia nyumba za namna hiyo mnajua kwamba haikai yenyewe. Ukiipuuza mwaka mmoja, inarudi kuwa shamba. Mama alikuwa akisema nyumba ina misimu yake sawasawa na mahindi, na ratiba yake yote ilikaa kichwani. Mahindi yakishavunwa, tulishusha kila kitu darini, tukafagia vumbi la dumuzi, wadudu wanaotoboa mahindi, tukapaka majivu kabla gunia la kwanza halijapanda. Upepo ukianza, ilikuwa zamu ya kuta: kuziba nyufa, kusiliba, kupaka udongo mweupe madirishani. Mawingu yakianza kukaa mlimani hadi saa nne asubuhi, tulizibua mitaro na kupanda juu kuangalia misumari ya bati. Mvua zenyewe zikija, kazi ilihamia ndani: kukausha sakafu, kupaka mavi ya ng'ombe upya, kukwangua masizi jikoni. Watu wengine walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwetu haikuwa methali, ilikuwa kazi ya mwezi wa nane.

Mama alikuwa mgonjwa wa macho. Alikuwa na vikope, ugonjwa ambao kule kwetu vumbi na inzi waligawa bila upendeleo, na kwake ulikuwa umeshafika mahali ambapo kope zinajipinda zinaingia ndani na kukwaruza jicho. Kila Jumamosi mchana alikaa mlangoni kwenye mwanga, akaegemeza kichwa kwenye mapaja yangu, nami nikamng'oa kope kwa kibano cha chuma.

"Hiyo hapo. Inayochoma," alisema.

"Hii?"

"Pembeni yake. Vuta mara moja, usiniogope."

Nilikuwa na miaka tisa na niliiona kazi hiyo kama cheo. Wenzangu walitumwa kuni, mimi nilitumwa jicho la mama. Machozi yake yalikuwa ya moto kwenye vidole vyangu. Sikujua kwamba kila kope iliyorudi kuota ilikuwa inamkata, na kwamba alishaanza kuona vitu vya mbali kama vimefunikwa chandarua. Mtoto huona mama analia machozi kila siku, akazoea, akaenda kucheza.

Kiangazi kile ninachokisimulia, Mama alibadilika. Ratiba yake iliyokuwa imenyooka ikaanza kukimbia. Kabla hatujamaliza dari alinitoa kwenda kuangalia mtaro, na mtaro ulikuwa mkavu na mvua ziko mbali. Alinifundisha kupaka sakafu, kazi ya masika, jua likiwa kali. Alinionyesha zilipo mbegu, ilipo lami ya kuziba bati, jinsi ya kuamsha moto bila moshi. "Rudia," alisema. "Rudia tena, nisikie." Usiku nililala nikirudia. Na mara mbili nilimkuta anafagia uwanja amefumba macho, anahesabu hatua kutoka jikoni hadi zizini. Nikadhani anasali. Niliona aibu kumkatisha, nikarudi nyuma kimya.

Baba hakuwepo. Kila kiangazi alishusha ng'ombe Yaeda Chini kutafuta malisho, akituachia wa maziwa tu, na kurudi mvua zikikaribia. Nyumbani tulikuwa Mama, mimi, Danieli aliyekuwa na miaka minne na Ana aliyekuwa anajifunza kutembea.

Hapa lazima nimtaje jirani yetu, mama wa watoto watatu, maana bila yeye msingenielewa. Mwaka uliotangulia alikuwa amepura maharage yake yote, akayapepeta, akayafunga kwenye magunia, akafagia uwanja, kisha asubuhi moja mume akiwa mnadani akachukua furushi lake la nguo akaenda kwao. Hakurudi. Watu walimsema sana kisimani, lakini kila aliyemsema alimalizia hivyohivyo: angalau alimaliza maharage. Mwanamke wa kueleweka haachi kazi katikati. Mimi nilisikia hayo nikiwa na ndoo kichwani, nikayaweka akilini kama sheria.

Sasa siku moja ya kiangazi hicho nilikuwa narudi na maji. Mama mdogo Magreti, mdogo wake Mama anayekaa Dirma, alikuwa amekuja. Walikuwa nyuma ya nyumba kwenye ukuta wa magharibi, ule unaopigwa na mvua, na maneno yao yalikuwa yameshaanza kabla sijafika.

"...masika yajayo sitaiona nyumba hii," Mama alikuwa anasema. "Nyumba wala wanangu."

"Basi nenda, dada. Unangoja nini?"

"Nitakwenda. Nikimaliza kusiliba huu ukuta, siku hiyohiyo naondoka. Siwezi kuuacha wazi."

"Na watoto?"

"Yustina nimeshamwonyesha kila kitu."

Nilitua ndoo. Nikajitokeza, nikasema, "Shikamoo mama mdogo," akaitikia marahaba, akaniuliza shule, nikajibu. Kila kitu kilikuwa kimejipanga. Baba yuko mbali, Mama ananifundisha kazi za mwaka mzima kwa mbio, hatatuona tena, na kilichobaki ni ukuta mmoja. Anatuacha. Anamaliza maharage yake.

Ningeweza kuuliza. Swali moja tu. Lakini kwetu mtoto aliyesikia maneno ya wakubwa amekosa mara mbili, kwanza kwa kusikia, pili kwa kuonyesha kwamba amesikia. Tena niliogopa jibu. Kwa hiyo nikafanya hesabu ya mtoto: asipomaliza ukuta, haondoki.

Udongo wa kusiliba ulikuwa kazi yangu. Ulitakiwa utoke kwenye kichuguu, uwe mwekundu na wa kunata, uchanganywe na mavi mabichi ya ng'ombe na majivu kidogo, ulowekwe hadi uchachuke. Mimi nikaenda kuchota korongoni, ambako udongo una mchanga. Mavi nikapunguza. Juu nikamwagia udongo wa kichuguu kidogo ili rangi ikubali. Mama alisiliba ukuta ule siku nzima, ameinama, anapangusa machozi kwa mkono wa juu. Siku ya tatu ukapasuka wote, nyufa zikatembea kutoka chini hadi kwenye bati.

Mama alisimama mbele yake muda mrefu. Akasogea, uso karibu uguse ukuta.

"Ni macho yangu haya," akasema taratibu. "Hata udongo siujui tena."

Mngemwona alivyolisema neno lile. Mimi nilikuwa hatua mbili nyuma yake, na moyo wangu ulifurahi. Niliandike hivyohivyo maana ndivyo ilivyokuwa: nilifurahi kwa sababu kazi ilikuwa imerudi mwanzo. Alibandua chote, akasiliba upya, nikamletea udongo uleule. Ukapasuka tena. Mara hii nilikuwa nausaidia kupasuka, nikipita naubonyeza kwa kidole ukiwa mbichi, huku na kule, pale ambapo hatatazama. Jumapili hiyo kanisani lilisomwa tangazo kwamba madaktari wa macho, waliokuwa wakizunguka kata za jirani tangu mwezi uliopita, sasa wamefika kwetu, watamalizia hapa kwa siku nne na kukata vikope bure. Nililisikia. Halikuniingia. Nilikuwa nimeshughulika na mama anayetoroka, sikuwa na nafasi ya madaktari.

Siku ya nne ya hao madaktari, asubuhi na mapema, Mama mdogo Magreti alikuja na bodaboda akaiacha barabarani. Sauti yake ilikuwa kali kuliko nilivyowahi kuisikia.

"Dada, wanaondoka leo. Achana na ukuta."

"Mvua ikinikuta hivi—"

"Mvua haijaja. Vaa twende."

Mama akaingia ndani, akatoka amejifunga kitenge cha kanisani, ameshika furushi la nguo. Akanishika bega. "Danieli na Ana wako kwako. Uji uko jikoni." Hakusema zaidi, alikuwa na haraka. Wakaanza kushuka njia ya barabarani.

Nilichofanya baada ya hapo nilikifanya kwa utaratibu, na hilo ndilo linalonisumbua. Niliwatoa wadogo zangu, nikawaweka nyuma ya jiko na mahindi ya kuchoma. Nikachukua ndoo ya maji, nikaimwaga yote kwenye ule ukuta, pale nyufa zilipokutana. Nikaingiza jembe kati ya miti nikavuta. Bonge la ukuta la ukubwa wa mlango likaingia ndani, juu ya kitanda tulichokuwa tunalalia sisi watoto. Halafu nikakimbia huku napiga kelele, nikawapata kabla hawajapanda pikipiki.

"Mama, ukuta umeanguka. Danieli yumo ndani."

Aliacha furushi palepale barabarani. Sijaona mtu mzima akikimbia vile. Nilipofika nyumbani alikuwa amepiga magoti juu ya kifusi, anachimba kwa mikono, vumbi limejaa chumba kizima, anaita jina la Danieli, na vumbi lile linaingia kwenye macho yake yaliyokwisha kukwaruzwa, na yeye hafumbi. Nikataka kusema. Danieli ndiye aliyetuokoa: alitokea mlangoni na hindi mkononi, akauliza, "Mama, unatafuta nini?"

Mama alikaa chini kwenye udongo. Alimvuta, akamnusa kichwa, akamshika kifuani. Kisha akaniangalia, au aliangalia upande niliokuwa, maana jicho la kulia lilikuwa jekundu limevimba na la kushoto linatiririka. "Ulichanganyikiwa," akaniambia. "Si kosa. Umefanya vizuri kuniita."

Mama mdogo hakukubali. Alimwosha uso, akamfunga kitambaa, akamvuta kwa mkono hadi barabarani. Safari hii sikuwa na hila nyingine. Nilikaa kwenye kifusi na Ana mapajani, nikaangalia mahali ambapo ukuta ulikuwa na ambapo sasa nilikuwa naona shamba la mahindi lililovunwa, nikalia hadi kichwa kikauma. Nilikuwa nimeanza kupanga jinsi ya kumweleza Baba. Nilijua uji unapikwaje na lami iko wapi. Nilikuwa tayari kuwa mama wa watu wawili.

Jua lilikuwa halijazama walipotokea tena njiani, wawili, Mama ameshika bega la mdogo wake. Nilisimama.

"Umerudi?" nikauliza.

Mama mdogo Magreti alicheka kwa uchovu. "Kwani ulidhani anahamia huko? Tulienda kwa madaktari wa macho."

Alinieleza palepale, kwa maneno ya kawaida, jinsi anavyoelezwa mtoto. Vikope vya Mama vilitakiwa kukatwa, jambo la nusu saa, angelala kule siku moja afungwe bandeji na kurudi. Baada ya hapo asingeruhusiwa kugusa udongo wala moshi kwa wiki nyingi, ndiyo maana alitaka kumaliza ukuta kwanza na ndiyo maana alinifundisha kazi. Bila kukatwa, angepofuka. Siku ile ukutani Mama alikuwa akimwambia mdogo wake kwamba asipokwenda, masika yajayo hataiona nyumba kwa macho. Sasa wamefika, macho yamejaa uchafu na yamevimba, yakaonekana hayawezi kuguswa siku ile. Amepewa dawa ya kupaka. Asubiri watakaporudi.

"Watarudi lini?" nikauliza.

"Walisema mwakani."

Walirudi mwakani kweli. Jicho la kushoto lilikatwa na likapona, hadi leo Mama anatumia hilo. La kulia lilikuwa limeshaota ukungu mweupe, halikuwa na la kufanywa. Wapo watakaonipa moyo kwamba huenda lingeharibika hata kama angewahi, na mimi mwenyewe nimejipa moyo huo mara nyingi nikiwa nafua mapazia yasiyo na uchafu. Haunitulizi. Niliona vumbi lile likiingia.

Nilikua, nikasoma, nikapata kazi, nikaolewa mjini. Baba alifariki. Danieli akajenga nyumba ya tofali palepale, akambakizia Mama chumba cha mbele. Na mimi kila kiangazi nikawa napanda kwenda Endasak na kuanza kazi kabla sijanywa chai. Nakwangua, nazibua, napaka. Mke wa Danieli ni mvumilivu, lakini najua anapumua nikiondoka. Mama alikuwa ananiacha nifanye. Wakati mwingine alisema, "Yustina, hiyo ni kazi ya mwezi ujao," nami nikamjibu kwamba mwezi ujao sina nafasi.

Kiangazi kilichopita nilikuwa juu ya ngazi nasafisha mfereji wa bati uliokuwa safi. Mama alikuwa chini anachambua maharage kwenye ungo, kichwa amekipinda ili jicho la kushoto lipate mwanga. Akapitisha vidole kwenye maharage, akatoa jiwe moja, akalitupa. Jingine lililokuwa upande wa kulia hakuliona. Liko pale kwenye ungo, jeupe, na mimi naliona kutoka juu. Sijui kwa nini siku hiyo na si siku nyingine. Nilishuka, nikalitoa lile jiwe, nikakaa chini kwenye mchanga mbele yake, nikamwambia. Udongo wa korongo, kidole, ndoo ya maji, jembe. Nilimwambia kwamba Danieli nilimtoa mwenyewe kabla. Nilimwambia maneno niliyoyasikia ukutani na jinsi nilivyoyaelewa. Nilisema haraka haraka, kama nawahi gari.

Alisimamisha mikono. Mimi nikaanza kuomba samahani, nikaomba mara ya pili, akaniinulia kiganja ninyamaze.

"Kwa hiyo ulidhani naondoka," akasema. "Nawaacha."

"Ndiyo, Mama."

"Kwa muda gani ulidhani hivyo?"

"Wiki tatu. Labda nne."

"Unakula, unalala, unaning'oa kope."

"Ndiyo."

Akashusha ungo chini. Uso wake ulikuwa umeingiwa na kitu ambacho sikukitegemea. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira miaka yote ile, hata kwa laana.

"Jicho nililizoea zamani, mwanangu," akasema. "Lakini kumbe nilikuwa na mtoto ndani ya nyumba anayeamini mama yake anaweza kumwacha, na mimi sikuliona hilo. Nilikuwa na macho yote mawili wakati ule."